Sura ya Sita: Nyota Huvuta Macho, Nani Hufungua Pochi?

Ichukue jezi ya Arsenal kutoka kwenye meza ya muuza nguo wa Kamembe, uigeuze, uisome mbele na nyuma. Kifuani, upande mmoja kuna nembo ya klabu, na upande wa pili kuna alama ya adidas. Katikati pameandikwa Emirates, shirika la ndege la Dubai. Kwenye mkono wa kushoto pameandikwa Visit Rwanda. Mgongoni kuna jina la Saka na namba 7. Kipande kimoja cha nguo kina majina matano, na kila jina lina hesabu yake ya fedha.

Emirates na Rwanda huilipa klabu. Adidas nayo huilipa klabu ili ipate haki ya kushona na kuuza jezi hizo. Klabu humlipa Bukayo Saka mshahara. Saka naye ana mlipaji mwingine pembeni: New Balance, mshindani wa adidas, ambaye viatu vyake ndivyo anavyovaa akiingia uwanjani. Kwa hiyo anayeinunua jezi hiyo kwa mapenzi ya Saka anaipa mauzo adidas, anaitembeza Emirates, anaitangaza nchi, na kampuni iliyomlipa Saka kwa jina lake haipati kitu.

Sasa itazame jezi yenyewe kwa karibu. Herufi za mkononi zimebandikwa kwa pasi ya moto, na ikifuliwa mara chache tu zitaanza kubanduka. Nembo ya klabu imedariziwa kwa uzi mnene kupita kiasi. Lebo ya ndani imeandikwa kwa haraka. Ni feki, kama zilivyo nyingi zinazouzwa katika miji ya Maziwa Makuu. Hapo hesabu inavurugika kabisa: katika majina yale matano, hakuna hata moja litakalopata faranga kutokana na mauzo hayo.

Kamembe ndiyo mji wa Wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, wilaya ambayo watu wazima bado wanaiita Cyangugu. Nkanka ni sekta mojawapo ya wilaya hiyo, inayopakana na Ziwa Kivu, karibu na kisiwa cha Nkombo. Ni nchi ya kahawa, migomba na wavuvi wa sambaza. Wenye chapa kubwa za michezo hawana duka huko na wala hawajawahi kulifikiria. Hata hivyo, majina yao yamefika, na yamefika kwa miguu ya nyota. Ndiyo maana Nkanka ni mahali pazuri pa kuulizia swali ambalo makampuni hulijibu kwa mabilioni bila kulitafakari sana: fedha anayolipwa nyota ili abebe jina la bidhaa, hurudi?

Hesabu za watafiti

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Biashara ya vifaa vya michezo imekaa upande wa pili wa methali hiyo kwa zaidi ya miaka 40, na kila anayeitetea huanza na mfano uleule. Mwaka 1984, Nike ilimsainisha kijana wa kikapu aitwaye Michael Jordan, ambaye alikuwa hajacheza hata mchezo mmoja wa NBA. Kampuni ilitarajia kuuza viatu vyake vya dola milioni chache. Katika mwaka wa kwanza wa Air Jordan, mauzo yanatajwa kufikia dola milioni 126.

Ni kisa kizuri, na tatizo lake liko hapohapo. Jordan ni mmoja. Ukitaka kujua kama kilimo kinalipa, humwulizi mkulima mmoja aliyepata mavuno ya ajabu, unapita shamba kwa shamba. Jagdish Agrawal na Wagner Kamakura walipita hivyo mwaka 1995. Walichukua matangazo 110 ya mikataba ya watu mashuhuri na makampuni ya Marekani, wakaangalia bei za hisa zilifanya nini siku habari ilipotoka. Kwa wastani zilipanda, lakini kwa chini ya nusu ya asilimia moja. Mwaka 2012, Anita Elberse na Jeroen Verleun wakaangalia wanamichezo peke yao na kuingia ndani zaidi, hadi kwenye mauzo yenyewe. Walikuta mauzo yakiongezeka kwa takriban asilimia 4 baada ya mkataba, na thamani ya hisa kwa robo ya asilimia. Kila mwanamichezo aliposhinda taji kubwa, mauzo yalisogea tena, ingawa msukumo ulipungua kadiri mataji yalivyoendelea.

Asilimia 4 si haba kwa kampuni inayouza kwa mabilioni. Kwa fundi cherehani wa Kamembe anayeshona jezi za timu za shule, asilimia hiyo haifiki hata gharama ya kumpiga picha nyota mwenyewe. Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika: faida ya nyota ni kubwa kwa anayeuza vingi, na kwa anayeuza kidogo mara nyingi haionekani.

La pili ni kwamba wastani huficha mengi. Kuna nyota waliorudisha fedha waziwazi. Watafiti waliochunguza mipira ya gofu ya Nike walikadiria kwamba zaidi ya nusu ya fedha aliyolipwa Tiger Woods kati ya mwaka 2000 na 2010 ilirudi kupitia mipira hiyo tu, na Marekani peke yake. Woods huyohuyo alipokumbwa na kashfa ya ndoa mwishoni mwa 2009, Christopher Knittel na Victor Stango walikadiria kwamba wenye hisa wa makampuni yaliyomdhamini walipoteza kati ya dola bilioni 5 na 12. Mtu mmoja, jina moja, faida na hasara. Tofauti iko wapi?

Mguu na kiatu

Jibu ambalo tafiti nyingi zimelirudia ni mlingano. Nyota huaminiwa zaidi anapozungumzia kitu anachokitumia kwa kazi yake, na ambacho mnunuzi anaona kinahusika na ushindi wake. Roobina Ohanian, mwaka 1990, aliugawa mvuto wa nyota katika mambo matatu: ujuzi wake wa kitu anachokitangaza, uaminifu wake machoni pa watu, na haiba yake. Kwa marashi, haiba inaweza kutosha. Kwa kiatu cha kukimbilia, ujuzi ndio unaofungua pochi.

Hakuna mfano mzuri zaidi Afrika Mashariki kuliko Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa Kenya. Mei 2017, kwenye uwanja wa magari wa Monza, Italia, alikimbia marathoni kwa saa 2 na sekunde 25 akiwa na kiatu kipya cha Nike. Mwaka huohuo kiatu cha aina hiyo kikaingia sokoni kwa jina la Vaporfly 4%. Namba hiyo ilitokana na utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Colorado kwa fedha za Nike, uliokuta kwamba kinampunguzia mkimbiaji takriban asilimia 4 ya nguvu anazotumia. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Kipchoge akamaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuandikwa kuwa rekodi rasmi, kwa kuwa wasaidizi wa kasi waliingia na kutoka kwa zamu, lakini dunia nzima iliona miguu yake.

Tazama jinsi kila kipande kilivyokaa mahali pake. Kilichouzwa kilikuwa kasi, naye aliyekiuza ndiye aliyekuwa na kasi kuliko wote wakati huo. Madai yanapimika kwa saa ya mkononi. Mtu aliyemwona Jumamosi angeweza kununua kiatu cha familia ileile Jumatatu. Gumzo likawa kubwa kiasi kwamba Januari 2020 Shirikisho la Riadha Duniani lilitoa kanuni: soli isizidi unene wa milimita 40, bamba gumu lisizidi moja, na kiatu cha mashindano kiwe kimepatikana madukani kwanza. Tangazo gani lingeweza kuisifia bidhaa kuliko hofu ya wenye mchezo kwamba inasaidia kupita kiasi?

Hata hapa kuna upande ambao takwimu za kampuni haziuonyeshi. Wakimbiaji wengi wa Iten na Kapsabet wanaomfuata Kipchoge hawawezi kununua kiatu chake kipya, na hufanya mazoezi kwa viatu vya mitumba. Enda, kampuni ya Kenya iliyochangisha fedha mtandaoni mwaka 2016 ili kutengeneza kiatu ilichokiita Iten, ilianza ikiwa na hadithi tamu kuliko zote: kiatu cha Wakenya, kutoka nchi ya wakimbiaji. Lakini wakimbiaji wakubwa wa nchi hiyo tayari walikuwa na mikataba na makampuni ya ng'ambo, na mkataba wa aina hiyo haumruhusu mtu kuvaa cha mwingine. Nyota wa nyumbani walikuwa wamekwisha kununuliwa.

Msanii uwanjani

Mfano wa pili ulitokea Kigali. Mei 2021, ligi mpya ya kikapu ya Afrika, BAL, ilifungua msimu wake wa kwanza Kigali Arena. Timu ya Patriots ya Rwanda ilimleta J. Cole, rapa wa Marekani ambaye tangu 2020 alikuwa na kiatu chake cha kikapu chini ya Puma. Tarehe 14 Mei albamu yake mpya, The Off-Season, ilitoka. Tarehe 16 Mei aliingia uwanjani. Alicheza michezo mitatu, akafunga pointi 5 kwa jumla, kisha akarudi kwao kwa mambo ya familia. Patriots waliendelea bila yeye na kumaliza wa nne.

Kwa kupima macho, hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Watu ambao hawakuwahi kusikia habari za BAL waliisikia wiki ile. Lakini waulize walichokumbuka: wengi walikumbuka kwamba J. Cole alicheza kikapu Afrika, na wachache sana walikumbuka jina la timu, au kwamba Zamalek ya Misri ndiyo iliyotwaa kombe. Wataalamu wa matangazo wanalijua tatizo hili: nyota akiwa mkubwa kuliko kitu anachokitangaza, anakimeza. Jezi za ligi zilitoka Nike na Jordan, kiatu cha msanii ni cha Puma, albamu ni yake. Ukiulizwa ni chapa ipi iliyovuna zaidi siku zile, jibu la haraka ni chapa ya J. Cole.

Mkono wa kushoto

Turudi Rwanda ya jezi, maana hapa bidhaa ni nchi nzima. Mei 2018, Bodi ya Maendeleo ya Rwanda ilisaini na Arsenal mkataba wa miaka mitatu wa kuweka Visit Rwanda mkononi. Vyombo vya habari viliutaja kuwa wa pauni milioni 10 kwa mwaka. Wabunge wa Uingereza na Uholanzi walihoji iweje nchi inayopokea misaada idhamini klabu tajiri. Bodi ilijibu kwamba jezi ya Arsenal huonekana mara milioni 35 kwa siku duniani. Mkataba ukaongezwa, na majina mengine yakafuata: Paris Saint-Germain mwishoni mwa 2019, Bayern Munich mwaka 2023, Atlético Madrid mwaka 2025. Nyota walikuja wenyewe pia. David Luiz alizuru nchi Oktoba 2019. Sergio Ramos alifika mwaka 2022 pamoja na wenzake wa Paris.

Je, mkataba wa Arsenal umelipa? Mapato ya utalii ya Rwanda yalifika dola milioni 620 mwaka 2023 na milioni 647 mwaka 2024. Mtetezi wa mkataba atasimama hapo na kufunga hoja. Ila Mei 2017, mwaka mmoja kabla ya Arsenal, bei ya kibali cha kuwaona sokwe wa milimani ilipandishwa kutoka dola 750 hadi 1,500. Ukumbi mkubwa wa mikutano wa Kigali ulikuwa umefunguliwa 2016 na kuanza kuvuta makongamano. RwandAir iliongeza safari. Mambo manne yalisukuma gari moja, na ni vigumu kulitoa moja na kulipa sifa zote.

Kosa la kuunganisha mambo kwa sababu tu yametokea pamoja linawapata hata wakubwa. Juni 2021, Cristiano Ronaldo aliziondoa chupa za Coca-Cola mezani kwenye mkutano na waandishi, na magazeti yakaandika kwamba ameipunguzia kampuni thamani ya dola bilioni 4. Hisa zilikuwa zimeanza kushuka kabla hajakaa kitini, na siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya hisa kuuzwa bila gawio, siku ambayo bei hushuka yenyewe.

Kutoka Nkanka suala hili lina uso mwingine. Mtalii aliyeshawishika na mkono wa jezi kwa kawaida huelekea kaskazini kwa sokwe wa Virunga. Rusizi ina sehemu ya msitu wa Nyungwe, uliotambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia Septemba 2023, na ina uwanja wa ndege Kamembe. Asilimia 10 ya mapato ya hifadhi hurudishwa kwa jamii, na hupewa zaidi zile zinazopakana nazo. Nkanka inapakana na ziwa. Kwa hiyo nchi inaweza kuwa imefaidi huku mvaaji wa jezi, ambaye ni tangazo linalotembea bila malipo, akibaki pale alipokuwa.

Kisha maana ikageuka. Januari 2025, waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, na Februari wakaingia Bukavu, ng'ambo tu ya Mto Rusizi kutoka Kamembe. Serikali ya Kongo na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inalisaidia kundi hilo, na Kigali imekana. Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia klabu akizitaka zivunje mikataba. Mashabiki wa Arsenal waliojiita Gunners for Peace walianzisha kampeni ya dhihaka wakisema heri watu watembelee Tottenham, mahasimu wao. Agosti 2025 Bayern waligeuza mkataba wao uwe wa kukuza vipaji vya soka. Novemba 2025 Arsenal na Rwanda walitangaza kwamba ushirikiano wao utakoma Juni 2026. Wakati huohuo Visit Rwanda ilikuwa imekwisha kuvuka bahari: Septemba ilitangaza mikataba na LA Clippers na LA Rams za Marekani.

Grant McCracken alieleza mwaka 1989 kwamba nyota huhamisha maana: sifa zake huingia kwenye bidhaa, na kutoka kwenye bidhaa humfikia mnunuzi. Kisa cha mkono wa kushoto kinaonyesha kwamba njia hiyo hupitika pande zote. Neno lililowekwa ili lichukue utukufu wa Arsenal liliibebesha Arsenal maswali ya vita. Na maneno mawili yaleyale yanasomwa kwa fahari upande mmoja wa mto na kwa uchungu upande wa pili.

Rooney na Kagere

Nyota wa mbali ana nguvu ya kujaza uwanja. Tarehe 13 Julai 2017, Everton walicheza na Gor Mahia jijini Dar es Salaam, kwa udhamini wa kampuni ya kamari ya michezo SportPesa, ambayo mwaka huo ilikuwa na mikataba na Everton, Gor Mahia, Simba na Yanga. Wayne Rooney, siku nne tu baada ya kurudi klabu yake ya utotoni, alifunga kwa shuti la mbali, na picha zikazunguka dunia. Aliyesawazisha kwa kichwa alikuwa Jacques Tuyisenge, Mnyarwanda. Everton walishinda 2-1. Miaka miwili baadaye leseni ya SportPesa ilikwama Kenya na udhamini wa Gor Mahia ukakatika. Bao la Rooney halikuwa na la kusaidia hapo.

Nyota wa karibu hufanya kazi ya namna nyingine. Meddie Kagere, mshambuliaji wa Rwanda, alifunga mabao 23 kwa Simba msimu wa 2018/19 na 22 msimu uliofuata, akawa mfungaji bora wa Tanzania mara zote mbili. Kila alipofunga alifunika jicho moja kwa kiganja, na watoto wa mitaani wakaiga. Kuigwa huko ni mali. Mtu alimwona Jumapili, alimwelewa akihojiwa kwa Kiswahili, na jezi yake ilikuwa dukani mtaani. Mwaka 2021 Simba waliwapa wauza nguo wa Vunja Bei haki ya jezi zao kwa shilingi bilioni 2 kwa miaka miwili, na Vunja Bei ilikuwa na kitu ambacho adidas haina Rusizi: maduka karibu na mashabiki. Macho yakivutwa, mkono una mahali pa kwenda.

Kwa mwenye chapa ndogo

Tuseme mtu anashona jezi Kamembe na anataka kumtumia mchezaji wa Espoir, timu ya wilaya inayochezea uwanja wa Kamarampaka. Afanyeje?

Kwanza, ajiulize kama mchezaji anakitumia kitu chenyewe. Akionekana Jumamosi na jezi ya kampuni nyingine, tangazo limekufa.

Pili, apeleke bidhaa kabla ya picha. Bango likitangulia na jezi ikachelewa, anayeuza feki ndiye atakayepokea wateja, na hakumlipa nyota hata senti.

Tatu, apime kwa kulinganisha. Aweke bango la mchezaji Kamembe, aache soko la Bugarama, wilaya hiyohiyo, bila bango, kwa bei ileile na bidhaa ileile. Ahesabu mauzo ya wiki kadhaa kabla na baada, katika masoko yote mawili. Tofauti ya ongezeko kati ya masoko hayo ndiyo kazi ya nyota, na kilichopanda kote kina sababu nyingine. Njia hii haihitaji mshauri kutoka Nairobi. Inahitaji daftari na uvumilivu.

Nne, aandike mkataba mfupi wenye mwisho na kifungu cha maadili, kinachompa haki ya kujitoa jina la nyota likichafuka. Mchezaji naye adai kifungu kama hicho dhidi ya kampuni, kwa maana tumeona uchafu hutoka pande zote.

Tano, akiona malipo ya nyota yanazidi faida ya jezi atakazouza msimu mzima, aachane naye na fedha hiyo aitie kwenye uzi, rangi na herufi zisizobanduka.

Nyota anayelingana na bidhaa, anayeaminiwa, na ambaye bidhaa yake inapatikana, hulipa. Asilimia zake ni za kawaida, wala si za miujiza ya mwaka 1984. Sharti la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi katika nchi zetu. Makampuni makubwa yametumia fedha nyingi kuwafundisha watu wa Nkanka wapende majina yao, kisha yakawaachia wengine kazi ya kuwauzia. Anayetengeneza jezi feki amelielewa soko hilo kuliko wao: ameikuta hamu iko tayari, imelipiwa na watu wengine, na akaleta bei inayolingana na mfuko. Mpaka atokee mwenye chapa halali atakayeleta jezi nzuri kwa bei ya Rusizi, kila nyota atakayesainiwa Ulaya ataendelea kumfanyia kazi mtu huyo.